Pazia la Magunia

Miaka yote ya mwanzo wa ndoa yangu, mama mkwe nilimfahamu kwa mgongo na kikohozi. Uso wake sikuujua. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wasukuma wa upande wa Kharumwa: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, hawakai chini ya paa moja. Mkikaribia kukutana njiani, mmoja anakohoa, mwingine anaingia porini, na kila mtu anaendelea na safari yake. Haukuwa ugomvi bali heshima, na heshima hiyo haikuwa na taabu kubwa wakati ule, kwa sababu kati ya boma langu na boma lake palikuwa na mbuga nzima ya kulishia ng'ombe.

Kisha ikaja Operesheni ya mwaka sabini na nne. Tukahamishwa wote, tukapangwa kwa mistari katika kijiji kipya cha Buyombe, na aliyegawa viwanja hakuuliza nani kamwoa binti wa nani. Mimi nilipewa kiwanja, na Mama Serafina, mama wa mke wangu, akapewa kilichotazamana nacho. Nikifungua mlango asubuhi nauona mlango wake. Nikaanza kutoka nyumbani kwangu kwa uani kama mwizi wa kuku. Sikuwa peke yangu. Kijiji kizima wanaume wazima walikuwa wakikatiza katikati ya mihogo, wakijibanza nyuma ya vihenge vya mtama, wakikohoa kila kona kana kwamba wote wameshikwa na kifua. Rafiki yangu Ignas, aliyekuwa amerudi kutoka kuchimba dhahabu huko Geita, alisema, "Afadhali kule machimboni. Ukimwona mkwe anakuja, unaingia shimoni, unaendelea na kazi."

Katika kijiji hicho ndipo aliposhuka Mwalimu Mwahija binti Hatibu.

Alikuja na lori lililokuwa likifuata pamba ya mwisho ya msimu. Alisimama nyuma, mkono mmoja kashika chuma, mwingine kakumbatia ubao mweusi mrefu kuliko yeye. Baba yake alikuwa fundi cherehani mjini Kahama, na babu yake alikuja bara kutoka Bagamoyo kufuata biashara, akakaa moja kwa moja. Alikuwa mwembamba, amejifunga ushungi mweupe ambao vumbi la njia lilikuwa limeugeuza kuwa mwekundu.

Mwenyekiti wa kijiji, akiwa amevaa koti kwa ajili ya kumpokea mgeni, alimuuliza dereva, "Mwalimu mmemwacha wapi?"

"Ndiye huyo anayekupa ubao uushike," dereva akajibu.

Asubuhi aliwafundisha watoto. Saa kumi alasiri ilikuwa zamu yetu sisi watu wazima, kwa kile tulichokiita kisomo. Darasa letu lilikuwa ghala la pamba la chama cha ushirika, ambalo lilikuwa tupu hadi msimu mwingine. Lilikuwa na mlango mmoja mkubwa mbele na dirisha moja nyuma. Nilifika mapema, nikakaa benchi la mbele. Nilikuwa na kiu. Kaka yangu alifanya kazi mgodini Mwadui, na barua zake nilisomewa na watoto wa shule. Salamu zangu zilikuwa zikijulikana kisimani kabla hazijanifikia mimi mwenyewe, na mwanamume mwenye boma lake hawezi kufurahia jambo hilo.

Mwalimu alishika chaki, akaandika herufi ya kwanza, akageuka kutuonyesha. Wakati huohuo nikasikia kikohozi mlangoni.

Nilikijua kikohozi kile. Wanawake walikuwa wamemaliza kuteka maji, nao walikuja kusoma. Sikugeuka. Niliinuka, nikapita dirishani. Ignas akanifuata, kwa maana mama mkwe wake naye alikuwamo, kisha mwingine, na mwingine. Mwalimu alibaki na chaki hewani, akitazama wanafunzi wake wa kiume wakimwagika nje kama viazi vya gunia lililotoboka.

Hakuna aliyemwambia sababu. Sisi wanaume tuliona haya kumtaja mkwe mbele ya binti mgeni, na wanawake walidhani dunia nzima inalijua jambo hilo. Ndipo Mwalimu Mwahija akakosea, na kosa lenyewe lilitupendeza kiasi kwamba hatukutaka kumsahihisha. Aliamini tunakimbia kufundishwa na mwanamke.

Basi akaamua kutuonyesha mwanamke ni nini. Siku ya kulima shamba la kijiji alikuja na jembe begani. Kwetu watu hulima kwa ngoma, majembe yakipanda na kushuka pamoja, na anayechelewa huimbwa papo hapo mpaka ajute. Mwalimu aliingia mstari wa wanaume, akasimama karibu na Ignas.

"Mwalimu, hapa si Kahama," Ignas akamwambia. "Hapa jembe halishonwi kwa cherehani."

"Wewe lima," Mwalimu akasema. "Maneno utayaweka kwenye daftari ukija darasani."

Alilima mpaka viganja vikapasuka. Hakumshinda Ignas, lakini hakuachwa nyuma, na mwimbaji alipomtungia wimbo alikosa la kumdhihaki, akaishia kumsifu. Jioni wanaume wote walimpa mkono, wakamwahidi kuja kesho yake. Kesho yake hakuja hata mmoja.

Baada ya hapo akaja Bwana Eustace, afisa wa kisomo kutoka wilayani, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata vumbini. Aliingia ghalani akakuta wanawake peke yao. Akatoka nje na Mwalimu, wakasimama chini ya dirisha lile la nyuma. Nami nilikuwa nimechuchumaa hapohapo nyuma ya kichaka, maana nilikuwa nimebuni njia ya kusoma kwa kusikiliza.

"Mwalimu, darasa lina nusu ya kijiji," Bwana Eustace alisema. "Walimu ni wachache. Kuna kijiji kule karibu na Masumbwe wanaume wake wananiandikia kila wiki wakiomba mwalimu. Kabla ya msimu wa pamba kufunguliwa nitakuja na mtihani. Nikikuta hali ni hii, nitafunga hapa na wewe utahamia kule."

"Na hawa akina mama?"

"Hawa watasubiri."

"Akina mama hawa wamesubiri tangu wazaliwe," Mwalimu akasema. "Nipe mpaka huo mtihani."

Jioni ile alikuja moja kwa moja nyumbani kwangu. Nilikuwa nimekaa uani, na mke wangu Serafina alikuwa akikusanya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani. Mwanetu wa kwanza aliitwa Pantaleo, hivyo Mwalimu aliniita kwa jina lake.

"Baba Pantaleo, habari za hapa?"

"Nzuri, Mwalimu. Karibu kiti."

"Sitaki kiti. Juzi uliniambia ng'ombe kapotea. Jana uliniambia bega. Leo ni nini?"

"Leo ni jicho."

"Lipi?"

Nikafikiri. "Yote."

Serafina aliacha michembe, akajifunika mdomo kwa khanga, mabega yakawa yanacheza. "Mwalimu, huyu haumwi popote. Anamwogopa mama."

"Mama yupi?"

"Mama yangu."

"Mama Serafina? Yule wa benchi la mbele?" Mwalimu akanigeukia. "Amekukosea nini mama wa watu?"

"Amenizalia mke," nikasema.

Hapo Serafina akamweleza yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu alikitafuta kile kiti alichokikataa, akakaa. Akatazama viganja vyake, ambavyo bado vilikuwa na malengelenge. Kisha akacheka mpaka akafuta macho kwa ushungi.

"Nimelima shamba zima kuwaonyesha nguvu zangu," akasema, "kumbe mlikuwa mnamkimbia mama mkwe." Akasogeza kiti mbele. "Na sauti yake je? Unaruhusiwa kuisikia?"

"Sauti haina uso," nikamjibu. "Tukiwa na ukuta katikati, tunaweza hata kusalimiana, ila kwa kupitia mtu mwingine."

"Basi mimi ni binti wa fundi cherehani," Mwalimu akasema. "Ukuta nitaushona."

Alikwenda kwa katibu wa ushirika akaomba magunia yaliyochanika, yale yasiyofaa tena kubebea pamba. Wanawake wakakaa chini na shazia, zile sindano kubwa za magunia, na nyuzi za katani, wakayaunga moja kwa jingine. Sisi wanaume tulisikia vicheko vyao kwa mbali, hatukuthubutu kusogea. Lilipokamilika pazia lilitundikwa kwenye kamba, likaligawa ghala katikati kuanzia ukuta wa nyuma hadi karibu na ubao. Wanawake walikaa upande wa mlango, sisi upande wa dirisha. Mwalimu alisimama mwishoni pale, jicho moja kwetu na jingine kwao, kama kinyonga. Tuliingia kwa kuparamia dirisha, wazee wenye mvi wakisukumwa matako na vijana, mpaka mwenyekiti mwenyewe aliponasa na koti lake. Siku ya pili yake akatoa amri ukuta utobolewe, tukapata mlango wetu.

Nimekaa katika madarasa mengi baada ya lile. Nilisoma masomo ya jioni mjini Shinyanga, nikasoma kwa posta, nikafanya mitihani pamoja na watu wenye umri wa watoto wangu na sikuona haya. Lakini darasa lenye furaha kama lile sijapata kuliona. Mwalimu Mwahija alikuwa amekwisha kutujua. Alijua kwamba Msukuma ukimgawa pande mbili, tayari umempa ngoma. Kama Wagalu na Wagika, vyama vyetu viwili vya ngoma, wanavyoshindania watazamaji wakati wa mavuno, ndivyo tulivyoshindania ubao. Upande mmoja ukisoma mstari, mwingine unaujibu kwa mstari unaofuata, na anayekosea anazomewa kupitia gunia.

Mama Serafina alikuwa jemadari wao. Hakunisemesha mimi hata mara moja. Kila neno alilipeleka kwa Mwalimu, ingawa mimi nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka kwake.

"Mwalimu," angesema, "mwambie huyo anayesoma kama anavuta ng'ombe aliyezama matopeni, apumzike kidogo, ng'ombe atakufa."

"Baba Pantaleo, umesikia," Mwalimu angesema.

"Mwalimu, mwambie mama kwamba ng'ombe nimemtoa, sasa anakula majani."

Na ghala lote likalipuka kwa kicheko, hata kuku waliolala juu ya mapaa wakashuka.

Chaki zilikuwa adimu. Kipande kimoja cha kuandikia vibao vyetu kilitumiwa na pande zote mbili, nacho kilipita katika tundu la gunia lililokuwa usawa wa bega langu. Siku moja nilinyoosha mkono kukipokea, nikaona vidole vilivyokishika. Nilivijua vidole vile. Vilikuwa vya Serafina wangu, ila vimezeeka na vimejaa nyufa za kuchuma pamba. Nilichukua chaki, nikakaa bila kuandika kitu kwa muda. Sikumwambia mtu.

Vitumba vya pamba vilianza kupasuka, na Bwana Eustace akaja na mtihani kama alivyoahidi. Siku hiyo Mwalimu alivaa ushungi mpya. Tulikuwa tumeoga, tumenyolewa, tumekaa wima, kila mtu na penseli yake. Bwana Eustace aliingia, akatazama wanaume waliojaa upande wetu, na uso wake ukafurahi kweli. Kisha akaligusa gunia.

"Hiki nacho ni nini?"

Mwalimu akamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

"Nawaelewa," akasema. "Hata kwetu mkwe ni mkwe. Lakini mimi nimeagizwa kuwaona watahiniwa wote kwa wakati mmoja. Nikiandika kwamba nusu yao walikuwa nyuma ya pazia, mtihani utafutwa, na darasa litafutwa nao. Gunia lishuke, Mwalimu."

Mwalimu Mwahija aliishika kamba ya pazia, lakini hakuifungua. Alitazama kwetu, akatazama kwao. Aliposema, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mmesikia wote. Mimi sikuja Buyombe kuivunja heshima ya mtu. Mwenye kwenda aende kwa amani, sitamlaumu."

Ignas alikuwa na mguu mmoja nje ya mlango wetu. Wengine walikuwa wanainuka. Nami niliinuka. Nilimtazama Mwalimu, nikautazama mlango, nikawa kama ng'ombe aliyefika njia panda mwenye ng'ombe hayupo.

Ndipo tukasikia benchi linaburutwa upande wa pili.

"Mwalimu," sauti ya Mama Serafina ikasema, "mwambie mkwe wangu akae chini. Mimi nimegeuka."

"Umegeuka vipi, mama?"

"Nimeangalia ukuta. Miaka yote nimekuwa nikimpa mgongo porini, leo nitashindwa kumpa mgongo ndani ya nyumba? Na wenzangu wanageuka. Geukeni, akina mama, msinitie aibu mbele ya mgeni."

Mabenchi yakalia sakafuni, moja baada ya jingine. Nilimrudisha Ignas kwa kumvuta shati, nasi tukageuza mabenchi yetu, tukaangalia ukuta wetu. Mwalimu akafungua kamba. Pazia likaanguka, likatimua nyuzinyuzi za pamba za misimu yote iliyopita, zikaelea juu yetu nyeupe, zikatua vichwani. Kijiji kizima tulikaa migongo kwa migongo, hakuna aliyegeuza shingo. Bwana Eustace alisimama katikati akituona wote kwa wakati mmoja, kama alivyoagizwa.

"Haya," akasema, akipangusa pamba kwenye nyusi. "Tuanze."

Tuliandika. Kisha kila mmoja akaitwa kusoma kwa sauti, pale pale alipokaa. Mama Serafina alisoma habari ya kupalilia pamba bila kujikwaa, akaishusha sauti mwishoni kama mtu anayetua mtungi. Wanawake walipiga vigelegele wakiuangalia ukuta.

Ikafika zamu yangu. Nilisoma mstari wa kwanza vizuri, na wa pili. Katikati ya wa tatu macho yakaingia ukungu. Herufi nilizijua zote, lakini hazikukubali kushikana. Nikamsikia Mwalimu akivuta pumzi. Nikajua kwamba nikishindwa mimi niliyekuwa msemaji wa upande wetu, watakaonifuata watashindwa nao, na Mwalimu atapanda lori.

Nyuma yangu, karibu sana, mtu akakohoa.

Kilikuwa kile kikohozi cha njiani, cha kumjulisha mtu kwamba upo. Miaka yote nilipokisikia nilikimbilia porini. Siku ile nilikaa. Nikaweka kidole kwenye karatasi, nikarudi mwanzo wa mstari, nikaupita. Nikasoma hadi nukta ya mwisho, na wanaume waliobaki wakasoma baada yangu, mwenyekiti na koti lake akiwamo.

Bwana Eustace alikusanya karatasi zake. "Majibu yatatoka wilayani," akasema. "Lakini mimi nilikuja kuangalia kama darasa hili lina wanaume. Linao. Mwalimu, wale wa Masumbwe nitawatafutia mwingine."

Mwalimu Mwahija, kama alivyotusimulia baadaye, alikaa juu ya lile rundo la magunia, akaficha uso kwa ushungi wake mpya. Hatukujua kama analia au anacheka, maana tulikuwa bado tunaangalia ukuta.

"Mwalimu," Mama Serafina akaita.

"Naam, mama."

"Mwambie mkwe wangu alete mbuzi."

Kwetu anayefungua njia ni mama mkwe mwenyewe. Akiridhika na mkwe wake, anaomba mbuzi, wanamla pamoja, na tangu siku hiyo wanatazamana. Lakini halazimishwi. Wako waliozikwa bila kuifungua.

"Nimwambie lini, mama?" Mwalimu akauliza, na sasa tukajua kwamba alikuwa analia.

"Leo. Nimechoka kufichana na mtu anayesoma pamoja nami. Na huyu bwana wa wilaya asiondoke na njaa."

Nilitoka kwa mlango wetu nikikimbia. Mbuzi aliyenyong'onyea nilimpita, nikamkamata beberu mwenyewe. Jioni ile, nyama ikiwa tayari pamoja na ugali wa mtama, Serafina alinishika mkono, akanisogeza mbele ya mkeka, nami nikainua macho. Uso aliokuwa nao mama yule ulikuwa wa Serafina, umekunjamana kidogo, una mwanya uleule mbele, na ulikuwa ukinicheka.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba," akajibu. "Kumbe ni mfupi hivi. Kwa sauti nilidhani ni mtu mrefu."

Ignas alicheka mpaka akakwamwa na mfupa. Lakini mama mkwe wake alikuwa akimsikia kutoka nyuma ya nyumba, na kesho yake alipomwagiza, Ignas naye alitafuta mbuzi. Mwezi ule mbuzi wa Buyombe walipata taabu kubwa.

Matokeo yalipokuja, tulikuwa tumefaulu karibu wote. Mwalimu Mwahija hakupanda lori. Aliolewa hapohapo na yule katibu wa ushirika aliyempa magunia, akawa mwalimu mkuu, akafundisha watoto wetu na watoto wa watoto wetu wa kwanza. Yale magunia aliyakata, akayashona mikoba, na watoto wa Buyombe walibeba daftari zao humo mpaka miaka ya themanini. Mlango wetu, ulioitwa wa wakwe, bado upo, ingawa kijana anayepita humo leo hajui kwa nini ghala la pamba lilitobolewa.

Mimi sasa nakaa Kalangalala, Geita, nina kabati la vitabu na miwani miwili. Lakini nikiwaza elimu, naikumbuka miaka ile Mama Serafina alipokuwa akivuka njia kila alasiri, akikaa kwangu barazani, tukisoma gazeti moja, la wiki iliyopita au la mwezi uliopita, kwa kugombea ukurasa. Siku moja Mwalimu alikuwa safarini Kahama kuwaona wazazi, na barazani tulikuwa sisi wawili tu. Nilikuwa nimelivutia gazeti upande wangu.

Mama mkwe akakohoa.

"Mwalimu," akasema, akiangalia mbele, "mwambie mkwe wangu asogeze gazeti."

Nikalisogeza.